Vitanzi Ishirini na Vinne vya Fundi Meno

Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi Meno aliwatengenezea watu meno ya kuchekea, na yeye mwenyewe hacheki. Hakuwa na roho mbaya. Mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma, binti yake ameolewa na kuhamia mtaa wa pili, na chumba chake cha kazi, juu ya duka la dawa, kilikuwa kimya kama kabati. Alishinda humo na koti lake jeupe lililojaa vumbi la jasi, ule unga wa kufinyangia mataya, akikunja vijiwaya vya kushikia meno ya bandia, jioni akifunga mlango na kwenda zake. Watu walimheshimu, wakamsalimia, wakampita.

Basi Jumatatu moja asubuhi akapanda ngazi mwanamke wa makamo, kilemba cha kijani kichwani, vidole viwili vimefungwa bendeji. Alitumwa na shangazi yake kuchukua meno. Mtaani walimwita Bi Vigae, maana aliokota chupa zilizovunjika, akazisaga kingo, akazitoboa tundu, akazigeuza vidani. Aliyapokea meno ya shangazi, akayageuza huku na huku kama anayenunua kiatu.

"Hiki kijiwaya ndicho kinachoshika?" akauliza.

"Ndicho. Kinalikumbatia jino la jirani."

"Na halidondoki?"

"Hata akitafuna mfupa."

Bi Vigae akafungua mkoba, akamwaga mezani vipande vya kioo, bluu, kahawia, kijani cha majani mabichi. Meza nzima ikawaka rangi.

"Vyangu vinadondoka," akasema. "Nabandika kikofia cha bati kwa gundi, mtu anacheka kidogo tu, kidani kiko sakafuni. Na kwaya ya akina mama imeniagiza ishirini na vinne, wanaimba Jumamosi. Wewe unayeshika meno ya watu, kioo kitakushinda?"

Fundi Meno alitaka kusema kwamba yeye si sonara. Alikuwa na kila sababu ya kusema hivyo. Lakini ulimi ulishatangulia.

"Hakitanishinda."

Alipoondoka, fundi alijikuta amekaa mbele ya taya la jasi, analitabasamia.

Mchana ule ule alikwenda kwa sonara kununua waya wa fedha. Akaupitisha kwenye tundu la kioo cha bluu, akaukunja kitanzi cha kupitishia mkufu, kisha, kwa mazoea ya miaka yote, akawasha moto wa gesi ili aziunge ncha kwa lehemu. Kioo kikasema tak. Kikagawanyika vipande viwili sawasawa, kama biskuti. Na kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote.

Siku nyingine angeng'ata meno na kununa hadi jioni. Siku hiyo alicheka. Kilianza kicheko kidogo puani, kikashuka kifuani, kikamshinda nguvu, hadi mwenye duka la dawa akagonga dari kwa ufagio kuuliza kama kuna usalama.

Jumanne Bi Vigae alikuja kutazama, na fundi akamwonyesha vipande viwili bila kuficha.

"Kioo hakipendi moto," akasema Bi Vigae. "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza wapi, na sijui unapokaa?"

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa bluu," akajibu, na fundi akakariri kimoyomoyo kama mtoto wa shule.

Wakakaa wote wawili, wakaitafuta njia. Mwishowe fundi akaipata: kitanzi kifanywe kwanza peke yake. Waya upashwe moto hadi uwe na wekundu wa mbali, utumbukizwe majini, ulainike. Uviringwe kwenye penseli, shingo ya kitanzi ifungwe kwa lehemu, isuguliwe mpaka ing'ae. Miguu miwili ya waya ibaki wazi. Halafu ndipo kioo kiingie, bila moto wowote: mguu mmoja upite tunduni, ukutane na mwenzake, yote miwili ipande kuizunguka shingo mara tatu, ncha zibanwe kwa koleo zisikwaruze ngozi ya mtu. Kitanzi cha kwanza kilitoka kimepinda. Cha pili kilisimama vizuri. Bi Vigae akakishika juu dirishani, akakitikisa, akakipuliza, akakivuta kwa nguvu, kikagoma kuachia.

"Fundi," akasema taratibu, "umekiozesha hiki kwa waya."

Maneno hayo yalimpanda kichwani kama soda. Jumatano binti yake alipoleta chakula cha mchana alisimama mlangoni akisikiliza.

"Baba, unapiga mluzi?"

"Ni gesi inavuja."

"Gesi gani hiyo inayojua nyimbo?"

Binti akatazama meza, akaona waya wa fedha na vioo, akaona pia kikombe cha pili cha chai. Akaondoka anacheka peke yake ngazini.

Alhamisi vitanzi kumi na saba vilikuwa tayari, na Bi Vigae yuko mezani akipanga rangi, mlango ulipofunguliwa akaingia Mwalimu Mkuu mstaafu, mtu mrefu, tai shingoni, leso mdomoni.

"Fundi," akasema kupitia leso. "Meno yangu."

Fundi akakumbuka. Meno matatu ya mbele, ya juu. Aliyaahidi Jumatano. Alikuwa hajayagusa.

"Mwalimu, nisamehe. Nimeyasahau."

"Umethahau?" Mwalimu akashusha leso, na pengo likaonekana wazi kama lango. "Mimi ndiye mgeni rathmi wa kwaya Jumamothi. Nitathema nini?"

Fundi akamtazama Bi Vigae. Bi Vigae akatazama vioo. Mwalimu akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuwa ameongoza shule miaka yote hiyo bure.

"Aha," akasema. Akavua koti, akalitundika, akakunja mikono ya shati. "Nimeelewa. Lete mthatha."

"Nini?"

"Mthatha, fundi. Wa kuthugulia."

Bi Vigae alicheka hadi akaegemea ukuta, na fundi akatoa karatasi ya msasa huku akicheka. Tangu saa ile kazi ikaenda mbio. Mwalimu alisugua vitanzi kwa makini kama anayesahihisha mitihani, akirudisha visivyomridhisha. Fundi alirukia meno, akarudia vitanzi, akarukia meno. Mara moja alishika jino na kulitafutia tundu la kupitishia mkufu. Aliona kizunguzungu kitamu, kama mtu aliyeshuka kwenye bembea.

Ijumaa alasiri, akizungusha waya wa kitanzi cha mwisho, macho yake yakiwa kwenye koleo, akasema, "Bi Vigae, kazi hii ikiisha, utakuja tena?"

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa."

"Nikae mpaka saa ngapi?"

Koleo likateleza. "Mimi ningependa usiondoke kabisa."

Mwalimu, meno mapya bado yanapoa kwenye bakuli, hakuweza kuvumilia.

"Thema ndiyo, mama, tumalize kazi."

Bi Vigae alikichukua kile kitanzi, akakikagua kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. "Kwanza tuone Jumamosi kama vitashika," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Akina mama ishirini na wanne walipanda jukwaani, kila mmoja na kioo chake kifuani, na walipoanza kuyumba vioo vikatupa madoa ya rangi kwenye dari. Wimbo wa kwanza ulipita salama, wa pili nao. Kwenye wa tatu mwimbaji kiongozi, mama mnene mwenye sauti ya kutikisa mabati, akarusha mikono juu, na kidani chake kikaruka hewani, kikaanguka kwenye zulia. Fundi Meno alisimama bila kujijua. Mwimbaji aliinama, akakiokota, akakiinua watu waone. Kioo kizima, kitanzi kizima, vimeshikana vile vile. Kilichokatika ni mkufu. Akaufunga fundo nyuma ya shingo, akaendelea na ubeti.

Fundi alianza kucheka hapo hapo, hakuweza kuacha hata Mwalimu alipopanda jukwaani, meno matatu yakimeremeta, na kutamka kwa raha zake zote, "Sisi sote tumesikia sauti safi siku hii ya Jumamosi." Alirudia mara mbili, akiyaonjaonja maneno.

Nje, watu wakitawanyika, Bi Vigae alimkuta fundi kwenye ngazi.

"Kimeshika," akasema.

"Lakini kilianguka."

"Mkufu si kazi yako. Kimeshika." Na akampa mkono, siyo wa kusalimiana, wa kushikwa.

Walioana baada ya wiki tisa, Mwalimu akasimama kama msimamizi wa bwana harusi na kuzungumza kupita kiasi. Sasa chumba cha juu ya duka la dawa kina meza mbili, ya meno karibu na dirisha, ya vioo karibu na mlango. Mtu akipanda kufuata jino lake humkuta fundi anamsimulia mkewe jambo huku mikono inakunja waya, naye inambidi akohoe mara mbili ndipo aonekane.