Mzee wa Kamera ya Begani

Msiniambie nilikuwa nimelewa. Sinywi, na ilikuwa mchana wa jua kali, kwenye mazishi ya mwalimu Atieno kule Lambwe. Dada yake, Akoth, ndiye aliyenikodi nipige video.

Mazishi ya siku hizi mnayajua. Kila mwenye simu anajiita mpiga video. Wanamsukuma hata pasta ili wamchukue maiti usoni. Mimi nilianza na kamera za kaseti kubwa, zikaja za kanda ndogo, sasa natumia ya kadi, inaenea kiganjani. Nawadharau, na sioni haya kusema.

Basi akaja mmoja wa kunidharau mimi. Mzee mwembamba, suti ya kahawia, begani kamera ile ya zamani, kubwa kama mwanambuzi. Nani hubeba gofu kama hilo kuja matangani?

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hiyo toi yako ya watoto inashika nini?"

"Inashinda hilo sanduku lako. Hata betri halina." Kweli, nyuma palikuwa patupu, na mlango wa kaseti ulining'inia wazi, ndani hamna kitu.

"Chungulia."

Niliinama ili nipate kumcheka vizuri. Nikafumba jicho la kushoto. Niaminini, mlikuwa na picha humo, nyeusi na nyeupe: kaburi, jeneza, Akoth analia. Na kando ya Akoth, Atieno mwenyewe, anamfunga dada yake kitambaa cha kichwa kilicholegea.

Nikainua uso. Akoth alikuwa peke yake, kitambaa kimekaa sawa. Kugeuka, mzee hayupo.

Watu walipotawanyika nilimuuliza Akoth ni nani alimwita yule mzee.

"Mzee gani? Tulikuona wewe tu, umeinama, jicho moja umefumba. Watu walikucheka."

Tangu siku hiyo nikifumba jicho moja, nawaona. Kwenye harusi moja Magunga nilimwona mwanamume akimpangusa bibi harusi machozi, naye hahisi. Nikamweleza alivyo: kipara, kovu shavuni. Bibi harusi akaketi chini na gauni lake jeupe.

"Huyo ni baba. Tulimzika."

Alilia mpaka chakula kikapoa. Sasa hakuna anayenikodi. Wanaita wale wa simu, wajinga ambao hata mkono hawajui kuutuliza.

Nanyi mnaonicheka, chekeni. Lakini mgeni akikuambia uchungulie kwenye kamera yake matangani, mtukane uende zako. Afadhali waseme huna adabu.