Siku Kumi na Moja za Babu Kwenye Meli ya Ndege

Darasa la sita niliacha katikati, na leo nina wapaka rangi kumi na wanane chini yangu hapa Doha. Kazi hii sikuisomea. Alinifundisha babu mzaa mama: kwangua kutu mpaka chuma king'ae, mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba, anzia juu ushuke. Alisema aliyajua hayo kwa kuwa alikuwa baharia vitani, kwenye meli ya kubeba ndege. Nami nimewaambia hivyo watu wengi, hata wateja.

Mwaka jana nikaagiza jiwe la kaburi lake. Fundi kule nyumbani alikuwa akingoja maneno tu, nami nilishayapanga: Baharia wa Meli ya Ndege. Nilitaka na jina la meli liandikwe sawasawa. Basi Ijumaa moja, tumezunguka sinia la pilau chumbani kwa dereva mmoja wa kwetu, mtaa wa Najma hapa Doha, nikamwomba nesi, binti wa kijijini kwetu, aitafute kwenye simu. Babu alilitamka jina lile kwa namna yake, lakini binti alilipata.

Akatusomea pilau ikipoa. Ilianza kuundwa kama meli ya mizigo, vita vikaigeuza, ikawekewa sitaha ndefu juu kama meza ili ndege ziruke. Ikasindikiza misafara ya meli Atlantiki, ikiwinda nyambizi. Ikaletwa Bahari ya Hindi, ikatia nanga Kilindini siku kumi na moja. Vibarua wa pale wakaikwangua kutu, wakaipaka rangi, ikaondoka. Vita vilipoisha ikarudi kubeba mizigo, mwishowe ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Nikauliza mabaharia wake walitoka wapi.

"Walikuja nayo, mjomba. Kilindini hakuchukuliwa mtu."

"Kumbe mzee alikuwa baharia wa brashi," dereva akasema. Wakacheka. Nami nikacheka, lakini mkono sikuurudisha kwenye sinia.

Nikampigia mama. Nikamweleza yote, nikamkumbusha kwamba mazishini mchungaji alimtangaza babu kuwa baharia mbele ya kijiji kizima, na kwamba jiwe likishachongwa limechongwa. Nilidhani atalia. Akasema siku zile wazazi wake walikuwa wakikaa Changamwe, karibu na bandari, na kila jioni bibi alimsugua babu mikono kwa mafuta ya taa, rangi ya kijivu ikigoma kutoka kwenye kucha. Bibi mwenyewe ndiye aliyemsimulia.

"Sasa baharia gani huyo anarudi kulala kwake?"

Kumbe alijua miaka yote. Alimwachia tu baba yake hadithi yake.

Nikamtumia fundi maneno mapya: Alipaka Rangi Meli ya Vita. Akaniuliza kama nimekosea kuandika. Nikamwambia achonge hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Nimepaka mageti ya nusu ya mtaa wa Muaither, najua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Meli ile isingefika mwisho wa vita bila watu kama yeye.