Ini la Hodan

Swali lililoninyima usingizi halikuwa kama nitakufa. Lilikuwa hili: nikipona kwa ini la dada yangu, halafu yeye asiamke, nitamwambia nini Hooyo, mama yetu?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi nyumbani, mtaa wa Waberi, kutafuta kazi. Mimi ni mtu wa kuwaza hata ninapochagua viatu, kwa hiyo uchovu uliponianza nilidhani ni mawazo tu. Kisha mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa manjano, ngozi ikaniwasha, nikajikuna hadi damu ikatoka. Hooyo akanipeleka kwa mzee anayewachoma wagonjwa wa manjano. Alinigusa kwa chuma cha moto kwenye vifundo vya mikono na juu ya tumbo. Vidonda vikaoza. Tumbo likajaa maji. Siku niliyotapika damu nilikimbizwa hospitali, na kutoka hapo Nairobi.

Huko nilimkuta Daktari Sahra, mzaliwa wa Ijara, Msomali kama sisi. Aliishika mikono yangu, akayatazama majeraha.

"Baba yangu alizikwa na haya haya," alisema.

Kifo hicho ndicho kilichomfanya asomee ini. Asubuhi alitibu wodini, mchana alikuwa maabarani akichunguza virusi vya homa ya ini vinavyowamaliza watu wa kwetu. Mwilini mwangu vilikuwa vimefanya kazi kimyakimya tangu utotoni.

"Dawa peke yake haitatosha," alisema. "Unahitaji kipande cha ini la mtu mwenye afya. Ini hukua tena, kwake na kwako. Lakini sikudanganyi, anayetoa naye yumo hatarini."

Hodan, mdogo wangu aliyenisindikiza Nairobi pamoja na wazee, alidakia. "Walaal, ndugu yangu, tangu utoto unanimalizia ini la mbuzi kwenye mkate wa anjera. Chukua na hili, utosheke!"

Adeer, ndugu wa baba, hakucheka. "Msichana hajaolewa, mnataka kumpasua?"

"Adeer, atakayekuja atanioa mimi au tumbo langu?"

Nami nikawaza: labda anatania kwa sababu anaogopa kukataa mbele ya wazee. Nikamweleza Daktari Sahra. Akaniambia kwamba daktari mwingine, asiyenitibu mimi, atakaa na Hodan peke yake. Akisema hataki, sote tutaambiwa tu kwamba hafai. Sababu haitajulikana, hata kwangu.

Niliomba aonekane hafai. Niliomba hivyo kwenye swala, huku maji ya tumboni yakinibana pumzi.

Jibu likaja: anafaa.

Ninayasimulia haya nikiwa hai, alhamdulillahi, nina kovu refu na vidonge vya maisha yote. Hodan yu hai pia. Ubavu humuuma akiinua jerikeni, na kila akiushika mimi naacha kula. Hofu haijaisha. Ukiona macho ya mtu yamekuwa manjano, usimpeleke kwenye chuma cha moto. Apimwe damu, na ndugu zake wapimwe na kuchanjwa.

Lakini asubuhi ile ya upasuaji, Hodan alikuwa kwenye kitanda cha jirani, nywele ndani ya kofia ya hospitali. Mimi nilikuwa nimetia saini, ila muuguzi aliponijia na sindano nilimwambia asubiri.

"Bado unawaza?"

"Ndiyo."

"Mimi naingia kwanza. Usije ukabadili nia nikiwa nimeshapasuliwa."

Kabla kitanda chake hakijasukumwa, nilimwita muuguzi. "Nimekubali," nikamwambia, nikanyoosha mkono wa sindano.