Vidole vya Mchuna Ngozi

Siku yangu ya kwanza kwenye kichinjio cha mbuzi mtaani Kiamaiko, msimamizi alininyang'anya kisu. "Leo unafanya kazi na ngumi," akasema. Ninyi mnaoijua ngozi kwa viatu tu, sikilizeni: mbuzi hachunwi kwa kisu peke yake. Kisu kinafungua miguuni na tumboni, kisha unasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, na vidole ndivyo vinavyokuambia uko wapi. Vikiufuata ule utando mwembamba, ngozi inavuka kama shati. Ukipotea unatoboa, na mnunuzi wa ngozi anaitupa pembeni. Nikaja kuijua kazi, tena sana. Nilichuna huku napiga soga, macho yako kwingine kabisa.

Baada ya miaka mingi uchovu ukaniingia. Nikipanda ngazi za ploti yetu, lazima nikae kila ghorofa. Ulimi ukawa unawaka nikinywa chai, na ncha za vidole zikaanza kufa ganzi.

Wa kwanza kuniona alikuwa mkaguzi wa mifugo. Kila asubuhi yeye hushika mbuzi na kumkunja kope la chini. Ndani pakiwa peupe, mbuzi hana damu, anatengwa. Siku hiyo alinishika mimi, akanikunja kope mbele ya watu wote. "Salale! Hassan, ungekuwa mbuzi hungeingia humu!" Watu walicheka, nami nikacheka. Kesho yake nikaenda kliniki.

"Mzee, damu imepungua. Kula maini," wakaniambia. Kula maini! Mimi ambaye staftahi yangu ni maini tangu niajiriwe! Niliwaeleza, wakanipa tembe za madini ya chuma na kuniambia nile maini. Mke wangu Halima akaongeza juisi ya bitiruti. Damu haikupanda hata kidogo.

Nilizunguka hivyo muda mrefu, hadi daktari mmoja wa hospitali kubwa akaamua kupima kitu kingine. "Shida si chakula," akasema. "Tumbo lako limeacha kupokea vitamini B12. Hata ule ng'ombe mzima, inapita tu. Utachomwa sindano maisha yako yote." Basi, nikachomwa. Ulimi ukapona, ngazi nikazipanda bila kukaa. Ganzi ilibaki kidogo tu, na kazini nikaendelea.

Kisha daktari huyo akahamishwa. Aliyechukua nafasi yake aliangalia majibu kwenye kompyuta. "Damu iko sawa, mzee. Sindano basi."

"Daktari, iko sawa kwa sababu ya sindano."

"Tuache kwanza, tuone."

Tuone! Mtu anaona kwa mwili wa nani? Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Lakini bila karatasi yake duka la dawa halikuniuzia, kwa hiyo tuliacha, tukaona. Ganzi ilipanda hadi viganjani. Nikawa nasukuma ngumi ndani ya ngozi na sijui kama nimegusa nyama, mfupa au hewa.

Msimamizi alikuja na ngozi mkononi, mwanga unapita katikati. "Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ile?"

"Yangu pia."

Alichukua kisu changu, akakipangusa vizuri, akanikabidhi kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. "Nenda nyumbani, ndugu yangu. Umefanya kazi." Ndivyo nilivyostaafu. Nililia nikifika kwa Halima, si mbele yao.

Sindano zilirudishwa baada ya mimi kuanguka kwenye ngazi. Miguu imepata nguvu. Vidole, nilielezwa, vilichelewa kutibiwa. Mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi.

Juzi nilikuwa kliniki tena. Muuguzi mgeni, binti mpole, alikishika kidole changu atoe tone la kupima. "Pole baba, itauma kidogo."

"Choma tu, mama."

Akachoma. Nilikuwa nimegeuka namtazama mtoto anayelia kwenye foleni, nikawa bado nasubiri. Nilipogeuka, tone lilikuwa limeshatoka, jekundu zuri. Akalipima kwenye kimashine chake, akatabasamu.

"Hongera, baba. Damu yako iko sawa kabisa."