Salamu Niliyoiitikia Chini ya Ndege

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Natoka Heru Juu, Kasulu, na sasa niko mbali, najifunza ufundi wa ndege za jeshi. Utotoni, ndege ikipita juu ya shamba letu la mihogo, niliikimbiza mpaka ipotee. Leo nazishika kwa mikono yangu, lakini ninachokitamani ni kumsikia mtu akiongea Kiha. Kwenye kozi yetu hakuna anayekijua.

Wiki iliyopita nilikuwa nimelala chali chini ya ndege, nakaza nati za gurudumu. Viatu vya afisa vikaja kusimama karibu na kichwa changu, kisha nikasikia salamu ya kwetu: "Mwakeye!"

Spana ikanidondokea kifuani. Tangu nipande basi Kasulu sijasalimiwa hivyo.

"Mwakeye, afande!" nikaitikia.

Akauliza kwa Kiha, tena kwa upole, "Umekula?"

"Nimekula, afande, ila wali wa huku haunishibishi. Natamani ugali wa muhogo na maharage ya mama."

"Na kifua kinaendeleaje?"

Nikashangaa anavyonijali. "Kifua kizima, afande. Kinachouma ni moyo. Nimepakumbuka nyumbani mpaka basi."

Machozi yakanitiririka hadi masikioni. Afisa akachuchumaa, akanichungulia, simu ikiwa sikioni.

"Mama, usikate," akasema. "Kuna mtoto wa kwetu huku chini ya ndege. Kila ninachokuuliza wewe, anajibu yeye."