Macho ya Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara ya picha ya hospitali moja mjini Kitale, Afisa wa Picha alinikagua viatu kabla ya uso. Alikuwa mwanamume mkavu, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikononi.

“Umetoka studio ya harusi,” alisema. “Hapa hatumwambii mtu acheke. Unapiga kidonda, na daktari anataka kukiona vile kilivyo. Umesikia, dada?”

Nilisikia. Nikapiga vidonda, mifupa na majeraha ya moto kwa miaka mingi, mpaka nikahamishwa Bungoma, kwenye kliniki ya macho. Huko ndiko nilikoanzia filamu ya infraredi, tena nikiwa mtu mzima aliyedhani ameshaijua kazi.

Nyinyi vijana mnaopiga kwa simu, ngojeni niwaeleze. Filamu hii ya nyeusi na nyeupe hunasa miale ambayo macho yetu hayaioni. Majani ya mahindi hutoka meupe kama unga, na anga hutoka nyeusi. Mtu mzembe haiwezi. Tuliiweka kwenye friji, maana joto huiharibu. Kuitia kwenye kamera ni gizani kabisa, kwa kupapasa; hata ile taa nyekundu tuliyoizoea katika chumba cha kusafishia picha inazimwa. Mbele ya lenzi unafunga kichujio chekundu kilichokolea, ukichungulia huoni kitu. Kwa hiyo kamera inakaa kwenye stendi, unalenga kwanza, ndipo unakifunga. Kisha unasogeza lenzi kidogo hadi kwenye alama yake nyekundu, kwa sababu miale hii haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Tena unarudia picha ile ile kwa mwanga mwingi na kwa mwanga mdogo, kwani kipima mwanga hapa ni cha kubahatisha. Picha zangu za kwanza, za mti wa nje ya kliniki, zilitoka ukungu mtupu.

Daktari wa Macho aliziangalia, akanirudishia.

“Rudia,” akasema. “Kuna mama wa Kimilili ananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe.”

Huyo alikuwa Mama Nafula. Surua, yaani ukambi, ilimpofusha akiwa msichana. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, iligeuka nyeupe kama maziwa, na sisi hatukuweza kuona kilichokuwa nyuma yake. Infraredi ingeweza kupenya weupe ule. Kama mboni zingeonekana wazi, Daktari angemtuma Nairobi akawekewe konea nyingine. Kama zimezibwa na kovu, hakuna safari. Aliyemleta ni binti yake, Nafula, ambaye alizaliwa miaka mingi baada ya upofu ule.

“Mimi sitaki kuona dunia yote,” Mama Nafula aliniambia nikimweka kidevu sawa. “Huyu tu. Watu wananiambia ati ni mrembo. Si wanaweza kuwa wananidanganya?”

“Mama, nyamaza upigwe picha,” Nafula akasema.

Safari hii picha zilitoka safi. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo imefifia, lakini ule weupe wa macho ulikuwa umeondoka. Nilifurahia kazi yangu hadi Daktari alipoinamia picha, akanionyesha kwa kidole. Mboni zote mbili zilikuwa zimejikunja na kushikamana na kovu.

“Pole, mama,” akamwambia. “Konea mpya haitasaidia.”

Mama Nafula hakulia. Daktari alipotoka, alinigeukia.

“Kwenye hiyo picha, macho yangu inakaa aje?”

Nikaitazama picha, nikamtazama Nafula. “Yanafanana na ya Nafula, mama. Makubwa, yameinuka kidogo pembeni.”

“Yangu nilikuwa naona kwa kioo ya mamangu, kabla ya ukambi.” Alinyoosha mkono, akapapasa kope za binti yake. “Basi sasa najua vile anakaa.”

Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Nimestaafu sasa, naishi Matisi, nje kidogo ya Kitale. Filamu ile imekuwa adimu, na kliniki zina mashine zake. Silalamiki. Nilijifunza kupiga kitu vile kilivyo, hata jibu likiwa hapana, na nadhani Afisa wa Picha hangenikosoa sana.

Juzi Nafula alibisha mlangoni, kichwa chake kimeingia mvi. Mama yake amefariki. Alitaka picha ile ikuzwe, iwekwe juu ya jeneza.

“Wazee wa nyumbani wanakataa,” akaniambia. “Ati imemfanya mweupe kama mzimu. Wanataka ile ya kitambulisho.”

“Na wewe?”

“Ile ya kitambulisho macho ni maziwa tu. Hii ndiyo peke yake anatuangalia.”

Nikatoa negativu ya picha ile kabatini, nikavaa viatu, tukaenda nayo mjini ikakuzwe.