Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Kasiva

Mzee Kyule ni mtu wa mafaili. Alikuwa karani wa masjala ya korti miaka thelathini na moja, na hadi leo, ingawa amestaafu, akija kwenye saiba yangu, duka langu la kompyuta na intaneti hapa mtaani Ziwani, hunipangia karatasi za kaunta bila kuombwa. Hunikasirisha sana. Namwambia, "Mzee, wacha vitu vyangu!" Ananijibu, "Mama Kate, karatasi zisizopangwa ni uchafu." Basi namwacha.

Mkewe, Kasiva, ndiye aliyeanza kucheza gemu kwenye kompyuta, figo zilipomfunga nyumbani. Ni gemu la shamba: unapanda, unavuna, unafuga. Wee! Mama wa miaka sitini na mbili ameegemea mito, anakama ng'ombe wa kwenye kompyuta! Alikuwa nao kumi na mmoja, na kila mmoja alimpa jina la mtu wa mtaa. Mmoja alimwita Njoki, yaani mimi, ati kwa sababu anapiga mateke. Tulicheka hadi machozi. Kasiva alifariki Februari. Tangu hapo mzee hunywa chai ya saa kumi, anafungua kompyuta, analisha ng'ombe, anafunga. Hajui kupanda wala kuuza. Analisha tu.

Mwezi jana ile diski ya nje iliyobeba gemu ikaanza kukwaruza. Mzee akanunua mpya, akaniita nimhamishie. Nilienda asubuhi mbio mbio, watu wamepanga foleni kwangu. Nikahamisha folda ya gemu, nikalifungua kwenye diski mpya, wimbo ukalia, picha ya lango la shamba ikatokea. Mzee akapiga makofi. Nikamwambia, "Usiguse ile ya zamani kabla hujaingia ndani ukaona ng'ombe." Kisha nikaondoka. Ningeingia mwenyewe, jameni. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Kumbe gemu hilo huweka shamba lenyewe kando, kwenye folda nyingine kabisa ya diski ile ile ya zamani. Hiyo sikuihamisha.

Na mzee naye! Ameniambia mara mia kwamba masjalani kesi moja haiwi na mafaili mawili. Faili likihama linahama na karatasi zake zote, na la pili likionekana, karani anaitwa kujieleza. Kwa hivyo aliposikia ule wimbo, kwake faili lilikuwa limefika. Akaifuta diski ya zamani yote, kwa ile njia ndefu ya masaa matano isiyobakiza kitu, na akakaa hapo akiitazama mpaka ikamaliza. Ndipo akanywa chai, akafungua gemu alishe ng'ombe.

Akanipigia simu. "Mama Kate, linaniuliza jina la mkulima."

Gemu huuliza hivyo likianza shamba jipya. Nilipofika kwake, shamba lilikuwa nyasi tupu. Nikamfokea mzee wa watu, "Si nilikuambia uingie ndani? Si nilikuambia?" Alikuwa amevua miwani, ameishika tu. Niliona aibu, maana folda niliisahau mimi, na hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Diski ya zamani tumeipeleka kwa mafundi watatu wajaribu kulirudisha shamba. Wa mwisho, Luseno wa Jogoo Road, alikaa nayo siku nne, akairudisha akitikisa kichwa. Hata chai yetu hakuinywa.

Jana nilimkuta mzee mezani na karatasi ya mistari, ameitia nambari moja hadi kumi na moja. Kwenye kompyuta alikuwa ameshaandika jina la mkulima: Kasiva.

"Faili likipotea kabisa," akasema, "karani hufungua lingine la muda. Analijaza kwa yale watu wanayokumbuka."

Nikasoma majina. Nthoki, Maingi, Mama Muse, Njoki, wote walikuwepo, kwa mwandiko wake ule mzuri wa ofisini. Nambari kumi na nambari kumi na moja hazikuwa na kitu.

"Hawa wawili wananishinda," akasema. "Lakini wewe ulikuwa ukikaa naye hapo kitandani, akikusimulia. Waliitwa nani?"

Nilikaa naye, ndiyo. Nilicheka sana. Niliposikia jina langu limepewa ng'ombe, majina ya wengine sikuyasikiliza.

Mzee akafungua kalamu, akaiweka kwenye nambari kumi, akaningoja.